Mkono Unaokamua

Nyumba yangu niliijenga mwenyewe, na sioni haya kulisema. Mume wangu alinipa binti mmoja tu, tumbo likafunga. Kwetu huku Butiama mwanamke asiye na mtoto wa kiume, kama ana ng'ombe, anaoa. Anatoa mahari kama mwanaume yeyote, anamleta binti wa watu nyumbani, na watoto atakaozaa huyo binti wanakuwa wajukuu wa nyumba. Tunaita nyumba ntobhu. Nilioa. Mkamwana wangu akanizalia mjukuu wa kiume, mrefu, mwenye mabega, nilikuwaga nikipita naye mnadani watu wanageuka. Nilitembea polepole ili wageuke vizuri.

Mume wangu alikufa vibaya. Alianza kwa kudondosha vitu. Baadaye mabega yakawa yanaruka yenyewe, miguu inacheza ngoma ambayo wengine hatuisikii, uso unajikunja na kujikunjua. Watu walisema gongo, na mtu mwenyewe alikuwa hanywi. Wengine walisema kuna kiapo alikivunja. Alikonda kama fito, akawa anatukana watu aliowapenda, na tukamzika na yale maneno ya gongo juu ya kaburi lake.

Halafu miaka ikapita, binti yangu naye akaanza kumwaga chai.

Tuliitwa hospitali, Musoma, kwa madaktari wanaofanya utafiti wa watu wanaotetemeka, wanaokakamaa, na wale ambao viungo vinacheza bila wao kupenda. Walitaka kuona familia, kwa hiyo tulikwenda mimi, binti yangu, mkamwana, na mjukuu wangu ndiye aliyemshika shangazi yake kiunoni asianguke. Daktari alikuwa kijana wa kutoka Dar, mpole, mikono laini kama ya mtoto mchanga. Akamwambia binti yangu atembee kwenye mstari wa vigae. Akashindwa. Akamwambia atoe ulimi aushikilie nje. Ukarudi ndani wenyewe kama kenge shimoni. Kisha akampa vidole vyake viwili.

"Mama, vibane, usiviachie."

Akabana. Mkono ukaachia, ukabana, ukaachia, ukabana.

"Anakukamua," nikasema.

Nesi mmoja wa hukuhuku akaziba mdomo. Daktari akasema ni kweli, hata kwenye vitabu vyao dalili ile wameifananisha na mkono wa mkamuaji. Binti yangu naye, maneno yakitoka yameviringana, akamwambia, "Nikimaliza, daktari, unifungulie ndama." Tukacheka wote. Sikumbuki kama tumecheka tena pamoja baada ya pale.

Akatueleza. Ni ugonjwa wa damu ya ukoo, jina lake la kizungu lilipita masikioni likaenda zake. Siyo pombe, siyo kiapo. Mzazi akiwa nao, mtoto anaweza kuupata au kuukosa, kama kurusha shilingi juu. Na mara nyingi hautokei mapema. Unamngoja mtu awe mtu mzima, aoe, azae, ndiyo unamshika. Vidonge vya kutuliza huko kuchezacheza vipo. Vya kuponya havipo.

"Havipo hapa, au havipo duniani?"

"Duniani, bibi."

Akachukua karatasi achore ukoo wetu, wanaume viboksi, wanawake maduara. Alipofika kwa mjukuu akauliza baba yake nani.

"Huyo ni wa kwangu," nikasema.

"Ndiyo bibi, lakini baba yake?"

"Nimekwambia ni wa kwangu. Mama yake nilimtolea ng'ombe mimi."

Akamwangalia nesi. Nesi akamweleza habari za nyumba ntobhu. Daktari akasikiliza, uso ukamfunguka. "Basi huyu kijana hana damu ya mzee," akasema. "Yeye hahusiki. Yuko salama."

Mkamwana akasimama palepale, akajifunga kanga. "Asante daktari. Twende, mama."

Kuna jambo kwetu halisemwi. Mwanaume anayemwendea mke wa nyumba ntobhu hatajwi. Siyo baba, hana neno juu ya mtoto, mtoto mwenyewe haambiwi. Wenzangu wengi waliwaacha wake zao wajitafutie. Mimi nilikataa. Nilimwita mdogo wake mume wangu, ili pua iwe ileile, mabega yawe yaleyale, ng'ombe wa nyumba wasije wakarithiwa na sura ngeni. Niliringa kwa hilo moyoni miaka yote. Yule shemeji alizama ziwani upande wa Mugango akiwa bado kijana, mikono imetulia, mtu wa kushona nyavu hata mtumbwi ukiyumba. Hakuna anayejua kama na yeye alikuwa ameubeba. Maji yalimchukua kabla hajafika umri wa kuonekana.

Na siku zile tulikuwa tunatayarisha ng'ombe wa kupeleka Kibara, kumwolea mjukuu.

"Kaa chini," nikamwambia mkamwana.

"Mama, daktari ameshasema."

"Kaa."

Hakukaa. Nikasema hivyohivyo, yeye amesimama, kwamba huyu kijana damu ya mzee anayo, ameipata kwa mdogo wake. Mjukuu wangu alikuwa bado amemshika shangazi yake kiunoni. Mkono ukaachia. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumtazama usoni. Niliutazama mkono, kama umeachia kwa mshtuko au umeachia wenyewe.

 Daktari akasema damu inaweza kupimwa, lakini kijana ni mtu mzima, uamuzi ni wake, aende akafikiri, kuna mshauri wa kuzungumza naye kwanza.

"Na akijua anao, mtampa nini?"

"Tutamfuatilia, bibi. Utafiti huu utasaidia watu wa baadaye."

"Watu wa baadaye ndio aliokuwa anakwenda kuwazaa."

Sikumwonea, nilikuwa nauliza tu.

Nje, kwenye benchi, mkamwana aliongea bila kunigeukia. "Ulinioa nikuzalie, nikakuzalia. Wewe kunyamaza tu kukakushinda."

"Na binti wa watu kule Kibara je?"

"Binti wa watu ana mama yake."

Mjukuu hakupima. Nilimbembeleza, akanijibu kwa upole, "Bibi, nikiambiwa ninao, asubuhi nitaamka nikamue ng'ombe walewale. Niache nikamue bila kujua." Kibara nako hakwenda. Alisema hawezi kumpelekea binti wa mtu shilingi iliyo hewani. Wazee wa kule wanasema tumewadharau, tuna maringo. Nyumba ya matofali niliyomjengea imefungwa, kuku wanataga mlangoni. Mkamwana ananiletea ugali, anauweka chini, anaondoka. Binti yangu kwa vile vidonge ameacha kucheza sana, lakini anakaa kama gogo, namlisha uji kwa kijiko, mwingi unarudi kidevuni. Madaktari walikuja tena, wakampima, wakaandika, wakashukuru. Ni watu wazuri. Wameniondolea gongo na kiapo. Kilichobaki mahali pake ni kikubwa kuliko vyote viwili.

Asubuhi natoa kigoda changu nakaa karibu na zizi. Mjukuu anachuchumaa chini ya ng'ombe, maziwa yanalia kwenye ndoo. Mkono unabana, unaachia. Unabana, unaachia. Nautazama, maana pale hata aliye mzima anafanya hivyohivyo, na siwezi kujua. Siku moja akageuka akanikuta nimekodoa macho.

"Bibi," akasema, "geuza hicho kigoda."

Nikakigeuza. Sasa nakaa nimelipa zizi mgongo, nasikiliza maziwa yanavyoingia kwenye ndoo. Yakikatika kidogo, roho inaniruka.