Denise Anatafuta Harufu ya Mkate

Kumepambazuka Sundbyberg, pembeni mwa Stockholm, na theluji ya jana imegeuka tope. Denise Nabintu anasukuma mlango wa duka la mikate ya Kifaransa, anapangusa miwani iliyoshika ukungu, kisha anasogea kaunta.

"Bonjour, madame. Ule ule?" anauliza mwokaji, Roméo, kwa Kifaransa.

"Ule ule. Na usinipe wa jana!"

Roméo anacheka. Mkate mrefu umetoka tanurini sasa hivi, gamba lake bado linatatarika ndani ya karatasi. Nje, Denise anamega ncha, anaiweka puani na kufumba macho. Wapita njia wanamtazama. Hajali.

Mama huyu wa miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Bukavu, ni mpishi wa shule. Mwaka juzi, wakati wa baridi, aliugua homa kali. Ilipoondoka, iliondoka na harufu zote.

"Nilidhani ni mafua tu," anasema. "Bon, nikangoja. Nikila ndizi, ni kama ninatafuna kitambaa."

Nyumbani Rissne, mumewe Janvier akawa ndiye wa kunusa maziwa kama yamechacha. Kazini mambo yalikuwa magumu zaidi. Alhamisi moja supu ya njegere iliungua, naye amesimama palepale akikata karoti. Mwenzake kutoka Kenya, Magdalene, ndiye aliyekimbilia jiko.

"Kwani husikii harufu, Denise?"

"Nikamwambia ukweli, sisikii kitu. Nikalia mbele ya watoto."

Mkuu wa jiko hakumfukuza, ila alimtoa kwenye masufuria akampeleka kuosha vyombo. Denise hamlaumu. "Lakini mpishi wa kuosha sahani, roho yake inakaa nje."

Daktari alimshauri aifundishe pua upya: achague harufu anayoipenda, ainuse kila siku, hata asiposikia kitu. Denise akachagua mkate.

"Mama Heshima, siku hizi unanunua hewa?" Janvier alimtania, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Nanunua joto," alimjibu. Na kweli, alikuwa ameanza kuipenda safari yenyewe: karatasi ya moto mikononi, Kifaransa kidogo kabla Kiswidi hakijaanza, na mtu wa kumwita madame.

Miezi ikapita mitupu. Mwaka jana theluji ilipoyeyuka, harufu ikaja, lakini mbovu: mkate ulinuka kama mpira unaoungua. Denise alitapika kando ya kituo cha treni. Janvier akamsihi aache.

"Niache vipi? Mimi nilifurahi!" anasema. "Ni kama nyumba uliyodhani ni tupu, halafu mtu anakohoa ndani."

Kisha, majani yakipukutika, akiwa bado kwenye foleni, kitu kitamu kilimpita usoni.

"Roméo! Nini hicho?" alipaza sauti, akimshika mkono mtu asiyemjua.

"Siagi, madame."

Tangu hapo Magdalene humfunga macho kwa taulo wakati wa mapumziko na kumjaribu. Mdalasini anausikia. Maziwa yaliyochacha pia. Moshi bado, na bila moshi mkuu wa jiko hawezi kumrudishia masufuria.

Denise hana haraka. Ameshawaalika waumini wenzake wa kanisani kwa chakula cha Pasaka.

"Nitapika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa chumvi," anasema. "Janvier asikanyage jikoni. Wakiuliza kama imeiva, mimi ndiye nitakayewajibu."