Chupa ya Maji, Wiki Mbili Baada ya Idd

Chuoni kwetu Mokowe nilipewa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu kwa sababu mimi ni mrefu. Nilikuwa mwalimu wa umeme, mtu wa bara, na ukocha niliujua kwa kuutazama kwenye simu tu. Nilichokosa kwa ujuzi nilikifidia kwa koo. Nilifoka tangu mwanzo wa mazoezi hadi mwisho, na walipocheza vizuri sifa nilijipa mwenyewe.

Kulikuwa na mmoja, binti wa Siyu, ambaye ukimwachia nafasi hakosi. Alitupa mpira bila kufikiri, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Nilimtegemea yeye kwenye mashindano ya vyuo, Mombasa.

Mwezi wa Ramadhani nilipunguza mazoezi, nikajiona muungwana kweli kweli. Idd ilipopita nikatangaza kwamba visingizio vimekwisha. Wiki mbili baadaye, alasiri ya jua kali, yule binti akawa anaburuta miguu. Nikasimamisha mazoezi, nikampelekea chupa ya maji mbele ya wenzake.

"Kunywa, halafu ukimbie."

"Niko sawa, mwalimu."

"Unanijibu? Kunywa, au jina lako silipeleki Mombasa."

Akaniangalia, akawaangalia wenzake, akanywa. Hakuna aliyesema neno. Nilidhani ukimya ule ni heshima, na nikafurahi, Mungu anisamehe.

Tulipokuwa tukikusanya mipira, kapteni, msichana wa Lamu mjini, alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, yule yuna swaumu. Yualipa siku zake za Ramadhani."

Miaka minne nimeishi hapa, na sikujua kwamba wanawake hufunga baadaye zile siku ambazo mwili uliwazuia. Na angenielezaje, mimi mwanamume, mbele za watu? Niliona haya hadi nikashindwa kuinua macho.

Nilipaswa kumwomba radhi pale pale uwanjani, nilipomwaibisha. Badala yake nilimvizia kesho yake nje ya darasa, nikanong'ona, "Samahani kwa ya jana."

"Yamekwisha, mwalimu," akasema, akatazama chini.

Hayakuwa yamekwisha. Tangu siku ile, kila akipata mpira alinitazama mimi kwanza. Nami, kwa ujinga wangu, nikasema sasa ana nidhamu.

Mombasa, dakika ya mwisho, tukiwa nyuma kwa pointi moja, mpira ulimfikia chini ya kikapu akiwa peke yake. Akageuka kunitafuta. Nikapiga kelele, "Tupa!" lakini mpinzani alikuwa ameshafika na kumpokonya.

Tukiwa kwenye basi la kurudi, mkuu wa chuo alinipigia simu kuuliza tumeshindwaje. Yule binti alikuwa kiti cha mbele yangu, anasikia kila neno. Nilijua jibu la kweli ni lipi. Nikasema, "Tuna mchezaji mmoja mzuri sana, ila hana moyo wa mechi."