Jina Lililobaki Mlimani

“Kuku nzima? Kwa kuonyesha njia tu?”

Nilikuwa mtoto bado, nimekaa mlangoni mwa nyumba ya bibi yangu kule Kuluba, na aliyekuwa akifoka uani alikuwa askari mstaafu wa Koboko, mfanyabiashara, ambaye watu wote walimwita Afande. Mvua ilikuwa imebomoa daraja la barabara kubwa. Lori la mali yake lilikuwa limekwama upande wa pili, na njia iliyobaki ilikuwa ya juu, kupita mlimani, katikati ya mashimo ya zamani ya dhahabu. Njia hiyo aliijua bibi. Baba yake alichimba huko, akamwachia njia kama wengine wanavyoachiwa shamba.

“Kuku mweupe,” bibi alisema bila kuinuka kwenye kigoda. “Si ya mimi. Ya mlima. Mgeni napita, naacha kuku kule juu. Iko ama hapana iko?”

“Mama, mimi nimevuka mto na risasi nalia juu ya kichwa. Leo nitaogopa shimo?”

“Basi vuka mwenyewe.”

Afande akautazama mlima, wingu limeukalia shingoni, kisha akasema kuku atamleta akirudi, na neno lake ni neno la mwanaume. Bibi alimtazama viatu, akamtazama uso, akakubali. Mpaka leo inaniuma kwamba alikubali. Mimi nauza maharage sokoni Inde, na debe langu halijabonyezwa kitako kama la wengine ninaowajua. Mteja akiniambia ataleta kesho, mfuko wake unabaki kwangu mpaka hiyo kesho ifike. Waniite mkali, sawa.

Chini ya mlima bibi alituokotesha mawe mawili kila mtu, ya kujaa kiganja.

“Kule juu mutu hapana ita mutu,” alisema. “Jina nabaki hapa chini. Ukipotea, gonga mawe. Mimi nitajibu.”

“Na mtu akiita?” niliuliza.

“Shimo nasikia. Ikishika jina yako, nakuita yenyewe.”

Afande alicheka, akayatupa mawe yake majanini. “Kiden,” aliniambia, maana jina langu alikuwa ameliuliza pale uani, “bibi yako nataka mimi nicheze mawe kama mtoto ya shule ya nasari!”

Bibi hakucheka. Alifunga kitambaa chake kiunoni akatangulia. Mimi nilimfuata na kikapu cha mihogo ya kuchemsha kichwani, Afande akawa nyuma yangu.

Njia ile haikuwa na huruma. Kuna mahali ilikuwa mwamba mtupu, umelowa, unaupanda kwa vidole vya miguu. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyotuingia mifupani na pumzi ilivyopungua, na nyuma yangu nilimsikia Afande akihema kama mvukuto wa mhunzi. Ucheshi ulikuwa umemwisha. Tulipofika begani mwa mlima, bibi alisimama akanionyesha marundo ya mawe meupe, yale ambayo wachimbaji waliyatoa ardhini wakayatupa. Kando ya kila rundo kulikuwa na shimo, na nyasi zilikuwa zimefunga mdomo wa kila shimo. Bibi aliupiga mkono wangu wa kulia, kisha akaelekeza kidole kwenye rundo. Nilielewa: rundo likae kulia kwako, karibu, na shimo libaki kushoto; hapo uko salama.

Ndipo ukungu ukashuka.

Ulikuja mara moja, kama mtu aliyevuta shuka. Sikuona rundo, sikuona mgongo wa bibi, sikuona hata vidole vya miguu yangu. Nikasimama. Afande alikuwa amebaki nyuma akifunga kamba ya kiatu, na sasa hakuwa na bibi, hakuwa na mimi, na mawe yake yalikuwa majanini kule chini. Akafanya lile alilokatazwa.

“Kiden!”

Jina langu lilipita sikioni kama kofi.

“Kiden! We Kiden! Uko wapi?”

Likajibiwa. Si na bibi, si na mimi. Lilijibiwa kutoka kushoto, kutoka chini, pole pole. *Kiden*. Haikuwa sauti ya Afande tena. Ilikuwa nyembamba na ya upole. Mama yangu wakati huo alikuwa akifanya kazi Arua mjini, na nilikuwa sijamwona tangu mvua za kwanza. Nawaambia kama ilivyokuwa: niliisikia sauti ya mama, na nikaenda.

Hatua ngapi, sijui. Najua nyasi zilinifika magotini, kisha kiunoni, kisha mguu wa mbele ukakosa ardhi. Nilianguka kwa makalio. Kikapu kiliruka kichwani kikapotea mbele yangu, nami nikangoja kusikia kikidondoka. Nilingoja. Nilipokuwa nimeanza kuamini kwamba hakikuanguka popote, maji yalilia, mbali kabisa, chini ya miguu yangu.

*Kiden*, sauti iliita tena, safari hii karibu.

Nyuma yangu: to, to.

Mawe. Sauti kavu, haina utamu wowote. Mikono yangu ilikuwa bado imeyakumbatia yale yangu mawili, nami nikagonga. To, to. Nikajibiwa. Nikarudi kinyumenyume kwa makalio, nikigonga, nikilia, mpaka mkono wa bibi ukanishika shingo kama anayeokota mtoto wa paka. Alinifunga kinywa kwa kiganja chake. Akaniweka juu ya rundo, akaingia tena ukunguni kumtafuta yule. Alimkuta ameketi chini, ameshika nyasi kwa mikono miwili, askari mzima.

Tulipofika chini upande wa pili jua lilikuwa linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

“Sasa ile kuku si ya kupita tena,” bibi alimwambia. “Umetoa jina ya mtoto. Mlima nashika. Wewe uliita, wewe nalipa. Kuku mweupe, ya boma yako, kwa mkono yako. Ndio jina narudi.”

Afande alikuwa ameliona lori lake, na uso wake ulikuwa umerudi. “Mama, nani amekufa? Mtoto si huyu hapa? Nitaleta, nitaleta.”

Hakuleta.

Na tangu siku ile bibi yangu hakuniita jina langu. Hata mara moja. Nikawa “wewe”, nikawa “huyu”, nikawa “mtoto ya mlima”. Mwalimu aliniita Kiden, wenzangu waliniita Kiden, lakini bibi aliogopa kwamba akilitaja, kule juu kuna kitu kitaitika. Nilipokua nikapata kuku wangu mwenyewe, mweupe, nilimpelekea kwa hasira. Alimshika, akamrudisha mikononi mwangu. “Wewe hapana ita wewe,” alisema. Siku alipokuwa anatuaga duniani, alinishika mkono, midomo yake ikacheza, nikaona jina likija mpaka kwenye meno. Akalimeza. Aliuliza tu, “Yule ameleta?”

Waliosoma wananieleza habari za mwangwi na mashimo. Nami niliacha shule mapema lakini kusoma nimejifunza mwenyewe, mwangwi naujua. Hata wachimbaji waliujua, ndiyo maana waligonga mawe. Sawa. Lakini mwangwi haukumwahidi bibi yangu kitu. Aliyeahidi ana jina, ana nyumba ya geti Arua, na mabanda yake yamejaa kuku.

Mwezi uliopita nilimkuta harusini Aroi. Mzee sasa, anatembelea fimbo. Alipewa nafasi ya kusema na wageni, akasimulia jinsi siku moja alivyowaokoa mlimani mwanamke mzee na mjukuu wake, katika ukungu, kwa kugonga mawe. Yeye ndiye aliyegonga! Watu wakapiga makofi. Sahani yangu niliiweka chini, nikasimama.

“Afande, unanijua?”

“Hapana, mama.”

“Uliniita kwa jina langu, mlimani. Leo hunijui?”

Alinitazama muda mrefu, na nikaona amejua. Kisha akacheka kile kicheko chake, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa noti.

“Kumbe ni ile kuku? Miaka yote hii? Chukua, mama, nunua hata tano.”

Nilizirudisha noti zile kwenye mfuko wa koti lake, nikazisukuma mpaka chini.

“Sikuja na bei. Kuku mweupe, wa banda lako, umbebe kwa mkono wako mwenyewe mpaka Kuluba. Kama magoti yamechoka, wajukuu wakubebe wewe, na wewe umbebe kuku. Mawe nitakuokotea. Nataka kuku wangu, Afande. Mlete.”