Kisiki cha Murembe Ndani ya Tuta Langu

Mimi silewi, uliza mtu yeyote hapa Malava. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo hata uongo wa kuandika siujui. Ninalokuambia nililiona kwa macho haya mawili, saa kumi mchana, mvua ikinyesha. Usiponiamini, baki na shaka yako. Bwawa lipo, njoo ulione.

Bwawa ni langu. Si la serikali, si la kanisa. Nilikata miwa ya watu mpaka mgongo ukapinda, nikanunua bonde ambalo wote walisema ni la vyura, nikaziba kijito kwa tuta la udongo. Walionicheka leo wananywesha ng'ombe wao kwangu.

Sasa, pale tuta lilipopaswa kupita palikuwa na mti wa murembe, gome lake la miiba. Kama wewe si wa huku, murembe ni mti wa kiapo. Zamani mtu akishukiwa wizi aliapa mbele yake, na akidanganya hakumaliza mwaka. Mpaka leo hakuna mama anayepikia kuni zake. Makokha, aliyeongoza wachimbaji wangu, alitupa jembe chini.

"Mzee, huu hatukatangi. Wazee wakuje kwanza, waongee nao."

"Waongee na mti? Huo una masikio?"

"Basi kata wewe. Mimi nina watoto."

Nikaukata mimi mwenyewe, wakiona. Lakini kisiki kilinishinda. Mizizi iling'ata ardhi, na wanaume sita wamekunja mikono wakingoja niaibike. Ningefanya nini, niwaite wazee? Niliamuru udongo umwagwe juu yake, tukashindilia. Na anayejua kazi hii anajua kwamba kisiki hakiachwi ndani ya tuta. Kinaoza, kinaacha shimo, maji yanapata njia. Nilijua. Kiburi kilinizidi, basi.

Miaka minne ikapita bila neno.

Siku hiyo mvua ilianza saa nane, ya mawe. Saa kumi nikachukua jembe, nikajifunika gunia, nikaenda kuangalia. Maji yalikuwa yamebakiza shubiri mbili kufika juu ya tuta. Na juu ya tuta ameketi mtu, miguu ndani ya maji. Mzee kunishinda. Sikiliza vizuri hapa: mvua ile ilikuwa inatoboa majani ya migomba, na koti lake lilikuwa kavu kama unga.

"Mulembe," akasema.

Ndiyo salamu yetu, maana yake amani. Nikaitikia, ndiyo adabu. "Mulembe muno, baba."

"Mulembe."

"Mulembe muno. Umetokea wapi na mvua hii?"

"Mulembe."

Hasira ikanipanda. "Wewe ni kasuku? Hili ni shamba la mtu!"

Ndipo akaitoa miguu majini. Nyayo hakuwa nazo. Kuanzia magotini yalikuwa magome yenye miiba, na chini pamekatwa. Alama za shoka nilizitambua, maana shoka langu lina pengo. Hapo masikio yangu yakazibuka. Hakuwa akinisalimu! Sisi watu wa huku r na l tunazichanganya hovyo, lori kwetu ni rori. Nilikuwa naitikia amani kwa mtu anayenitajia jina lake.

"Murembe," akasema tena, akanyoosha kidole upande wa nyuma wa tuta.

Nikachungulia. Maji yalikuwa yanaruka kutoka ndani ya udongo, unene wa mkono wangu, mekundu. Yangekuwa safi ningepumua. Mekundu maana yake yanabeba udongo, tuta linaliwa kutoka ndani. Na chini pale, hatua mia hivi, ni nyumba ya Peninah, mjane anayelea wajukuu, moshi unatoka jikoni.

"Sema pole," yule mtu akasema. "Sema pole, nami nitaziba."

Wewe ungesema, sivyo? Lakini nilimwambia: "Ardhi hii niliilipia kwa mgongo. Nilikukata, na ningekukata tena. Kaa hapo uone kazi."

Nikapiga mayowe Peninah atoe watoto. Kisha nikaanza kuchimba ubavuni mwa bwawa, kwenye udongo mgumu, maji yatokee kando yasilielemee tuta. Kila nilipoinua kichwa, yupo, mkavu, ananitazama. Mwishowe maji yakapita. Yaliondoka na samaki wangu wote, yakalaza mahindi ya Peninah mstari kwa mstari, yakaiacha nyumba. Bwawa likashuka. Lile tundu likabaki kudondosha matone.

Nikateremka. Peninah alisimama kwenye matope, kuku wawili kwapani.

"Mzee, mahindi yangu!"

"Pole, mama. Niliacha kisiki ndani ya tuta. Nilijua, nikanyamaza. Kosa ni langu."

"Ulijua? Na mimi nalalanga hapa na watoto? Bure kabisa wewe! Na mvi zako hizo!"

Akaendelea, matusi ambayo sikudhani mama wa kanisa anayajua. Nikayapokea yote nimesimama. Nilipogeuka, tundu lilikuwa limenyamaza, na juu ya tuta hapakuwa na mtu.

Watu husema lilinyamaza kwa sababu nilitamka pole. Wapi! Maji yalishuka chini ya kisiki, yakakosa njia. Na pole ile ilikuwa ya Peninah, mti haukuwa na fungu lake. Kiangazi nikafukua tuta, nikang'oa kisiki mpaka mzizi wa mwisho, nikashindilia upya. Peninah na wajukuu walikula mahindi ya ghala langu mpaka walipovuna. Wazee walipokuja na habari za kondoo wa kutakasa, niliwaambia kondoo wangu hana kesi.

Ila jambo moja limenishinda. Mtu akiniambia mulembe, macho yangu huenda kwenye miguu yake kwanza. Hata mazishini, hata mlangoni pa kanisa. Mke wangu hunifinya: "Itikia mtu!" Mimi nahesabu viatu. Kwetu kuchelewa kuitikia salamu ni kama kumtemea mtu mate, na wengine siku hizi hunipita kimya. Wapite.

Wewe unayetaka kuziba kijito chako, nakuonya. Kisiki kikikushinda, sema kimekushinda, siku hiyohiyo, watu wakisikia. Na ukimkuta mtu mkavu kwenye mvua anakudai pole, usiharakishe. Tazama kwanza chini ya bonde, ni nani anapika. Huyo ndiye wa kuambiwa.