Mashine ya Kutafuta Chuma na Ofisi za Nchi Tatu

Mume wangu alikuwa fundi redio sokoni Bugomora, na katikati ya miaka ya themanini alijiundia mashine ya kutafuta chuma ardhini. Ilikuwa fimbo ndefu yenye duara la waya wa shaba chini, na juu kabisa redio ndogo iliyopiga mluzi. Ikipita juu ya chuma, mluzi unabadilika. Kila Jumapili baada ya ibada aliizungusha kibanjani, kati ya migomba, akichimbua misumari, vipande vya majembe na mifuniko ya sufuria. Hakuuza hata kimoja. Alivisugua, akavipanga juu ya ubao, akavitazama. Mchezo huo ulikula betri za redio yetu, na betri wakati ule uzipate kwa kujuana na mwenye duka.

Ningevumilia. Lakini mjomba wake aliyekuwa akiishi Uganda alimwalika aende na mashine, na mama yake mdogo wa Rwanda aliposikia, naye akamwita.

"Vita vimeisha juzi tu," nilimwambia. "Uvuke mpaka na fimbo yenye nyaya, wakuone wewe ni nani?"

"Basi tuulize kwanza kama inaruhusiwa," akasema. "Wewe ni mwalimu, unajua kuongea na watu wa ofisi."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa yangu.

Jumamosi nilichukua baiskeli mpaka Murongo, mpakani. Ofisa wa forodha alifungua daftari lake, akapitisha kidole: baiskeli, cherehani, redio, saa ya ukutani.

"Haimo," akasema.

"Kwa hiyo hairuhusiwi?"

"Sijasema hairuhusiwi. Nimesema haimo. Nenda uhamiaji."

Uhamiaji ulikuwa mlango wa pili. Kijana wa pale alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, sisi tunashughulika na watu. Vitu viko mlango ule," akanionyesha nilikotoka.

Niliomba ruhusa nikavuka kuwauliza wa upande wa Uganda. Ofisa wao alikuwa mtu mzima, tukaongea lugha zetu za nyumbani, ambazo zinakaribiana.

"Mumeo anatafuta nini?"

"Chuma."

"Chuma gani?"

"Chochote. Anajifurahisha tu."

"Mtu mzima anajifurahisha kwa misumari? Mwambie aseme anachotafuta, ndipo tujue kama kinaruhusiwa."

Nilirudi na hasira, nikamkuta mume wangu anasugua bawaba ya mlango. Nilimweleza yote. Akasema, "Labda ungewaandikia wakubwa."

Niliandika. Barua mbili za Kiingereza, kwa balozi za nchi zote mbili huko Dar es Salaam, nikipekua kamusi ya shule kwa kila neno la tatu. Tabu kubwa ilikuwa kueleza kwamba mtu anaweza kutafuta bila kuwa anatafuta kitu. Nilichana karatasi nyingi. Barua moja haikujibiwa kamwe. Ya pili ilinyamaziwa miezi minne, na kila nilipopita posta yule karani alitikisa kichwa kabla sijamsalimu.

Jibu lilipokuja lilikuwa la Uganda, limeandikwa na mtu wa makumbusho waliyempelekea swali langu. Nikiri kwamba lilikuwa wazi, jambo ambalo nilikuwa nimeshaacha kulitegemea. Vitu vya kale haviguswi bila kibali. Mabaki ya vita hayaguswi kabisa, yanaweza kulipuka. Mwisho aliandika kwamba, kwa kuwa bila shaka mwombaji anacho kibali cha namna hiyo nchini kwake, aambatanishe nakala.

Nilisoma mstari huo mara mbili. Kibali cha nchini kwetu hatukuwa tumewahi hata kukifikiria.

Nikapanda lori la kahawa mpaka Kayanga, makao ya wilaya, maana wakati huo Kyerwa, wilaya yetu ya leo, yote ilikuwa bado ndani ya Karagwe. Afisa utamaduni alisoma barua, akaiweka mezani taratibu.

"Mwalimu, mumeo huwa anachimba wapi?"

"Kwenye kibanja chetu."

"Akikuta cha zamani?"

"Anakisugua."

Akashika paji la uso. Alinieleza kwamba na hapa kwetu kuchimba vitu vya kale kunataka kibali, tena kinatoka Dar es Salaam, na hutolewa kwa wataalamu. Misumari yake aendelee nayo, akasema, ila akikuta kitu cha wazee wa zamani akiache na kutoa taarifa. Kuhusu nchi za watu, asithubutu.

Nilifika nyumbani mavumbi mpaka kwenye kope. Miezi sita ya baiskeli, kamusi na lori, na jibu lilikuwa hapana kwa huko, na nusu hapana kwa hapa. Nilimwambia mume wangu kila kitu, nikingoja angalau alalamike, ili tulalamike wote.

"Basi," akasema. "Nitaenda kumsalimia mjomba bila mashine."

"Basi tu?"

"Tuliuliza, mwalimu. Wamejibu."

Nilitoka nikaenda kumenya ndizi nyuma ya nyumba, nyingi kuliko tulizohitaji, kwa sababu nilitaka kukaa na kisu changu bila kuongeleshwa. Yeye akafungasha kahawa ya kutafuna na chupa ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaondoka asubuhi iliyofuata. Alikaa kwa mjomba wake siku tisa, akarudi amenenepa kidogo. Sikumwuliza kama waliongelea mashine.