Uani Ulioachwa Wazi

Jumamosi asubuhi huwa nafundisha kuchora ramani ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza nyumba au kichochoro. Darasa letu ni chumba kilicho juu ya duka la vitenge, Kariakoo, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa sokoni. Kazi ya mwanzo ni nyepesi: tunafungua picha ya setilaiti, tunabofya kona za paa moja moja mpaka nyumba ikamilike. Wanaoanza wana pupa. Wanachora mraba, wanakimbilia nyumba ya pili, na uani wanaufunika kana kwamba watu hupikia darini.

Mama mmoja muuza khanga hakuwa na pupa. Kila nikimwamkia shikamoo ananiitikia, "Marahaba, mwalimu," ingawa angeweza kunizaa. Siku hiyo aliniita nione kazi yake.

"Hapa katikati si paa, ni uani. Nimeuacha wazi."

Nilitazama. Bati lenye kutu, kiraka kipya upande wa jikoni. Ilikuwa nyumba yetu: vyumba sita, vitatu huku, vitatu huku, na huo uani ambamo mama yangu alikuwa akinisuka huku jicho moja liko kwenye sufuria. Ilishavunjwa. Picha ilikuwa ya zamani tu, na kanuni ninayoirudia mpaka wananicheka ni kwamba tunachora kilichopo. Wengine nimeshawafutisha vibanda vyao bila huruma. Mkuki kwa nguruwe. Yeye nilimwambia amefanya vizuri, ahifadhi.

Nilitaka ibaki. Wiki nzima nilikuwa nafungua ramani kwenye simu kuitazama, mtu mzima na akili zangu. Nilimkumbuka mama yangu, nikautamani hata ule moshi wa mkaa niliokuwa nikiulalamikia.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kwenda mtaani kuhakiki tulichochora. Niliwaza kuwapeleka mtaa mwingine, lakini mama yule alishatangulia, akipisha mikokoteni, simu mkononi. Akasimama mbele ya ghorofa la maduka. Alitazama simu, akatazama juu, kisha akaniuliza nyumba aliyochora iko wapi.

"Ilikuwa kwetu," nilisema.

Hakunicheka. Aliuliza mama yangu alikuwa akipikia upande gani, nikamwonyesha pale penye ngazi, wanapopanga mabegi ya kuuza. Alipatazama kwa muda. Kisha akanipa simu yake.

"Mtu wa mzigo akiifuata hii atapotea, mwanangu. Futa wewe mwenyewe."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoniita mwalimu. Nikafuta. Ramani ikanitaka, kama inavyomtaka kila mtu, nieleze kwa ufupi nimebadilisha nini. Nikaandika: nyumba haipo tena. Tangu ivunjwe sikuwa nimeyasema maneno hayo kwa mtu yeyote.