Ramani ya Asha

Jamani, leo nimeiona alama yangu ya wino mwekundu mahali ambapo sikutaka kuiona kabisa.

Juzi niliwapeleka watoto wa darasa langu bondeni, hapahapa Kinyerezi, wakamwone chui.
Si wa kitabuni. Chui mwenyewe, kalala juu ya tawi la mkuyu ng'ambo ya mto, na wanawe wawili wanacheza chini.
Hakuna mtoto aliyekohoa. Na nyie mnawajua watoto wangu kwa kelele!

Jana nikawaambia wachore ramani ya njia tuliyopita.
Ya Asha ilikuwa safi kuliko zote: kisima, mkorosho uliopinda, mto, chui juu ya tawi.
Nikampa kumi juu ya kumi.

Leo asubuhi baba yake kaja shuleni. Begani gobore, lile alilopewa kibali chake na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Mkononi ramani.

"Ahsante, mwalimu. Yule chui kanimalizia mbuzi. Leo nimempiga, wala sikuhangaika kumtafuta."

Nilitaka kukasirika. Lakini mbuzi ni wake, na ramani nimeisahihisha mie.
Nyie mngemjibu nini?

"Na watoto wake?" nikauliza.

"Wamekimbilia vichakani. Wadogo wale, hawafiki mbali."

Akamrudishia mwanawe karatasi, akaenda zake.

Asha kaikodolea macho kipindi kizima. Kisha kaja mezani kwangu.

"Mwalimu, naomba raba."

Nikampa.
Kafuta kisima. Kafuta mkorosho. Kafuta njia yote.
Chui kamwacha palepale, juu ya tawi.